Wageni wa familia msimu wa baridi: kazi za kumaliza kabla hawajafika, na kazi za kuwaachia wenyewe (Mbeya, Iringa, Njombe)

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Shule zinakaribia kufungwa na mabasi ya kutoka Dar yataanza kushusha watoto, mashangazi na mabibi usiku, wamevaa nguo za joto la pwani. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye nyumba wa huku nyanda za juu wanaopokea ndugu Juni na Julai.

Wengi tukisikia wageni wanakuja tunawaza chakula. Chakula huku hakijawahi kuwa tatizo: viazi vipo, maharage yapo, ndizi za Tukuyu na mchele wa Kyela vipo. Kinachowashinda wageni ni vitu vitatu: baridi, mahali pa kukaa wote pamoja, na kukosa la kufanya kuanzia siku ya tatu. Hapo ndipo kila mtu anaingia kwenye simu yake na ziara inapoa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huutumia usemi huo kumwambia mgeni kwa mzunguko kwamba amekaa sana. Mimi nauelewa kama ukarimu. Mtu ukimpa jembe umemwambia kwamba hapa ni kwao. Shangazi anayekaa sebuleni siku kumi akiletewa chai ni mgeni mpaka anaondoka. Shangazi aliyeshona mfuniko wa kapu la jikoni ameacha mkono wake kwenye nyumba, na akija tena ataulizia kapu lake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kugawa kazi mafungu mawili. Zile za vumbi, za hatari na za kukauka polepole zimalizwe kabla: kupaka chokaa, kuranda mbao, kuziba nyufa za madirisha, kuanika magodoro. Zile za mikono mingi ziachwe makusudi zikiwa nusu: kupiga msasa benchi, kujaza zile soseji za kitambaa za kuziba upepo chini ya mlango, kutengeneza kikapu cha kuivishia, kusia mboga.

Tuchukulie mfano wa watu 8 kwa siku 10, nyumba ya vyumba vitatu, bati juu na saruji chini. Wataalamu karibuni, kila mmoja na eneo lake. Naomba vipimo, wakuu, maneno ya jumla hayamsaidii mtu aliyesimama dukani.

---

Fundi Paina

Nipo Mafinga, mbao za Sao Hill zinapita mbele ya macho kila siku. Nianze na benchi, kwa sababu kwa pesa ile ile ya viti viwili vya plastiki unapata mahali pa watu wanne, na linadumu.

Benchi la futi 5 linatoka kwenye mbao mbili tu za futi 12: moja ya 2x6 (unene inchi 2, upana inchi 6) na moja ya 2x4. Fuata ukataji huu usije ukanunua ya tatu.

Ile 2x6 kata vipande viwili vya futi 5. Hivyo ndivyo vya kukalia. Kinabaki kipande cha futi 2, usikitupe. Kikate katikati upate viwili vya inchi 11 na ushee, hivyo ndivyo vishikizo vya juu vinavyobeba kikalio. Ile 2x4 kata miguu minne ya inchi 16, vishikizo vya chini viwili vya inchi 11, na ubao mmoja mrefu wa inchi 42 wa kuunganisha miguu ya upande huu na ule. Jumla ni inchi 128 kati ya 144, kwa hiyo kuna nafasi ya kukwepa fundo au ufa. Unene wa kikalio ni inchi 2, jumlisha miguu ya 16, benchi linasimama inchi 18, sawa na sentimita 45. Ni kimo ambacho bibi anainuka bila kushikwa mkono na mtoto wa darasa la tatu anafika chini kwa vidole.

Jenga fremu mbili za miguu kwanza. Weka miguu miwili chini, laza kishikizo cha juu cha 2x6 juu yake kikiwa sawa na ncha za juu, paka gundi ya mbao, kisha misumari mitatu ya inchi 4 kila mguu. Inamishe kidogo la sivyo ncha zitatokea upande wa pili. Upana wa ile 2x6 ndio unaozuia benchi kuyumba. Mafundi wengi huweka ubao wa inchi 3 pale kwa kubana matumizi, na ndani ya mwaka benchi linacheza kama limelewa. Kishikizo cha chini kiwe inchi 4 kutoka sakafuni.

Misumari ya inchi 4 inapasua paina, hasa karibu na mwisho wa ubao. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, na usiwahi kupiga msumari chini ya inchi moja na nusu kutoka ukingoni. Kama huna keekee, ponda ncha ya msumari kidogo kwa nyundo iwe butu. Ncha butu inavunja nyuzi za mbao badala ya kuzitenganisha, na ubao haupasuki.

Kabla ya kuunganisha fremu mbili kwa ule ubao wa inchi 42, zisimamishe kwenye sakafu iliyonyooka. Ukishaunganisha, pima mshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, benchi limekaa sawa. Vikitofautiana hata sentimita moja, sukuma kabla gundi haijakauka.

Kikalio ni vile vipande viwili vya futi 5, acha nafasi ya sentimita 1 katikati. Angalia mwisho wa ubao utaona mistari ya miaka imejipinda kama upinde. Upande uliotazama kiini cha mti uwe juu. Paina ikikauka inajikunja kuelekea upande wa ganda, kwa hiyo ukiweka kinyume kikalio kinageuka bakuli.

Kwa pendekezo la mleta uzi: wewe jenga benchi mpaka lisimame, halafu acha. Msasa na vanishi ni kazi ya wageni.

---

Kihesa Juu

Mkuu Fundi Paina, asante kwa madini. Swali: mtu wa kawaida atajuaje mbao imekauka? Wauzaji wote wanasema "hii kavu kabisa".

---

Fundi Paina

Swali zuri, hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Inua ubao mmoja wa futi 12 kisha inua mwingine wa kipimo hicho hicho kutoka lundo jingine. Mbichi inakuwa nzito mpaka unashangaa. Weka upande wa ndani wa kifundo cha mkono juu ya mbao: mbichi ni baridi ya unyevu, kavu haina baridi hiyo. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: kavu inalia, mbichi inajibu kwa sauti ya kufa. Na angalia rangi ya bluu-kijivu ukingoni. Ule ni ukungu, mbao ilipangwa ikiwa mbichi bila hewa. Haiharibu nguvu kwa benchi la ndani lakini vanishi haitaificha.

Ukinunua mbichi, ya inchi 2 kwa baridi yetu inataka miezi miwili mitatu chini ya paa, imepangwa kwa fito za sentimita 2 na nusu katikati ya kila safu, na mawe juu ya lundo. Kuianika juani ni kosa. Nje inakauka haraka kuliko ndani na inapasuka kuanzia ncha. Kwa wageni wa mwezi ujao, nunua kavu hata kama imezidi bei.

Na mafundo yanayotoa utomvu: futa kwa kitambaa chenye thina kabla ya vanishi. Utomvu ukipita juu ya vanishi, sketi ya shangazi itabaki na alama isiyotoka kwa sabuni.

---

Mama Kapu

Kamwene wote.

Mimi nizungumzie kikapu cha kuivishia, wengine wanaita kikapu moto. Kinamtoa mama jikoni, na hiyo ndiyo raha yake kubwa wakati wa wageni. Sufuria ya maharage inaivia ndani ya kapu wakati nyinyi mko kanisani au mmekaa kwenye hilo benchi.

Kanuni yake: chakula kinaiva kwa joto, na moto unaoendelea kuwaka baada ya kuchemka kazi yake ni kufidia joto linalotoroka. Zuia lisitoroke, huhitaji moto.

Tafuta kapu lenye mdomo mpana. Vikapu vya milulu vya kwetu Iringa ni vizuri lakini visiwe vile vidogo vya mapambo. Pima sufuria yako, halafu kapu liizidi kwa sentimita 10 kila upande na 10 chini. Sufuria ya upana wa sentimita 26 inataka kapu la 46 hivi. Masufuria yasiyo na mkono mrefu ndiyo yanayofaa, mkono mrefu unaacha tundu.

Cha kujaza: vipande vya sponji kutoka kwa mafundi wa makochi, au nguo chakavu za sufu, au majani makavu ya mgomba yaliyochanwachanwa. Yote yafanya kazi mradi ni makavu kabisa. Shona mfuko wa kitambaa kizito, ujaze, uutandaze ndani ya kapu mpaka ubaki mviringo wa sufuria tu. Halafu shona mto wa duara wa kufunika, unene wa sentimita 12, upana uzidi mdomo wa kapu. Watu wakikosea hukosea kwenye huo mto. Wanafunika kwa khanga mbili tatu halafu wanasema kapu halifanyi kazi. Joto linapanda juu, na juu ndipo lilipoachiwa mlango.

Matumizi, kwa makande ya watu 8 hadi 10: mahindi yaliyokobolewa kilo 1, maharage nusu kilo. Loweka usiku kucha, saa 10 hadi 12. Mwaga maji yale, weka mapya yazidi chakula kwa vidole vitatu. Chemsha kwa nguvu dakika 45, sufuria ikiwa na mfuniko. Bila kufunua "kuonja kidogo", hamishia kwenye kapu, funika mto, weka ubao au jiwe juu. Acha saa 4. Kisha rudisha motoni dakika 15, ndipo utie chumvi, kitunguu na karanga au nazi.

Maharage peke yake: chemsha dakika 30, kapu saa 3. Msipunguze hapo mwanzo. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, na yanataka mchemko wa kweli, yale mapovu makubwa, si chini ya dakika 10. Kapu peke yake halifikishi joto hilo.

Wali wa kilo 1: maji yakichemka tia mchele, dakika 5 motoni, kapu saa 1. Mchele mpya wa Kyela unataka maji kidogo kuliko wa mwaka jana, anza na kipimo kimoja na robo cha maji kwa kimoja cha mchele.

Mambo mawili yanayoharibu: sufuria isiyojaa, kwa sababu ikiwa nusu inapoa haraka, iwe robo tatu kwenda juu, na kusahau chakula ndani mpaka kesho. Kikishakuwa vuguvugu kinaanza kuchacha. Saa 5 ni mwisho, toa, chemsha tena.

Kushona huo mfuko na mto ni mchana mmoja wa mabibi wawili na wasichana. Wewe uwe umetafuta kapu, kitambaa mita 2 na sponji tu.

---

Chai ya Mwakaleli

Ndaga fijo Mama Kapu. Niongezee sababu ya dakika zako kuwa nyingi, maana shangazi wa Dar atasema mnapoteza mkaa.

Kila ukipanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzijoto moja pungufu. Dar yanachemka kwenye 100. Mbeya mjini, mita kama 1,700, yanachemka kwenye 94 hivi. Yanaruka mapovu vile vile, ila hayana joto lile lile, na ukichochea moto zaidi hayapandi, yanakauka tu. Ndiyo maana maharage yanayoiva saa moja na nusu Temeke yanakwenda saa mbili na zaidi huku, na mpishi mgeni anaanza kuona haya mbele ya watu.

Dawa ni kuloweka muda mrefu, mfuniko mzito wenye jiwe juu, na chumvi mwishoni. Magadi nusu kijiko cha chai kwa kilo yanalainisha ganda. Zaidi ya hapo maharage yanakuwa na ladha ya sabuni.

---

Mpaka Chokaa

Wadau, sebule yenye moshi wa miaka mitatu haiwezi kupokea watu. Chokaa ni nafuu na inang'arisha chumba kuliko rangi yoyote ya bei hiyo, lakini inataka adabu yake.

Kwanza, ukuta wenye rangi ya mafuta au rangi ya maji hauipokei, itabanduka kama magamba. Chokaa ni ya plasta tupu, udongo, tofali, au juu ya chokaa ya zamani. Pitisha brashi ya waya, toa yote yanayobanduka.

Chokaa kilo 10, maji lita 13 hivi. Mimina chokaa ndani ya maji taratibu, usimimine maji juu ya chokaa. Koroga, funika, acha ilale usiku mmoja. Asubuhi chuja kwa neti ya dirisha au kitambaa cha chandarua cha zamani, kisha ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Tia chumvi nusu kilo iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Chumvi inaishika chokaa isikauke haraka, na ikikauka taratibu ndipo inapovuta hewa na kurudi kuwa jiwe. Isipopata muda huo inabaki unga, na kila anayeegemea ukuta anaondoka na mgongo mweupe. Ila msizidishe. Kwa ukungu wa Tukuyu na Njombe chumvi nyingi inavuta unyevu na ukuta unatoa jasho mwezi wa tatu.

Lowesha ukuta kwa maji dakika chache kabla ya kupaka. Uwe na unyevu, usitiririke.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Chokaa ikiwa imepakwa sawasawa, mkono wa kwanza unaonekana kama hujapaka kitu. Ni maji meupe mepesi, ukuta unaonekana ule ule, madoa yale yale. Fundi asiyejua anaogopa, anaongeza chokaa mpaka iwe kama uji. Usifanye hivyo. Ondoka, rudi baada ya saa kadhaa. Utaona weupe unatokea wenyewe, kuanzia kwenye kingo kuja katikati. Mkono wa pili kesho yake, wa tatu keshokutwa. Mikono mitatu myepesi inadumu miaka. Mmoja mzito unapasuka kabla wageni hawajaondoka.

Kazi hii si ya watoto, na imalizike siku 10 kabla. Ikiingia jichoni inaunguza. Osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Vaa glavu na miwani.

---

Mhudumu wa Mbalizi

Naomba nafasi kwa jambo ambalo lisiposemwa uzi huu utaweza kumdhuru mtu.

Mmezungumza kuziba nyufa, mapazia mazito, kuzuia upepo chini ya mlango. Vyote ni sawa. Lakini wageni wa pwani wakishikwa na baridi saa nne usiku, kitu cha kwanza wanachowaza ni kuingiza jiko la mkaa chumbani. Chumba kilichozibwa vizuri pamoja na jiko la mkaa ni mauti. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wanadhani mkaa ukishashika wekundu na moshi ukaisha basi hatari imeisha; ni kinyume, mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kuitoa. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na aliyelala haamki. Mkisikia watu wawili watatu wa chumba kimoja wanalalamika kichwa pamoja, watoeni nje wote saa ile ile na muende hospitali.

Mwambieni mgeni siku ya kwanza, kwa upole lakini waziwazi: jiko halilali na mtu.

Badala yake, fanyeni haya. Baridi nyingi ya kitandani inatoka chini, si juu. Mgeni ana mablanketi mawili, yote kajifunika, na bado anatetemeka. Chukua moja ulitandike juu ya godoro, chini ya shuka. Wanaolala chini, tandika maboksi yaliyofunguliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi miguuni inafanya kazi nusu usiku, ila chupa hizi za maji ya kunywa zinalegea na kujikunja kwa maji ya kuchemka. Changanya moto na baridi mpaka uweze kuishika chupa kwa mkono bila kuiachia.

---

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Mhudumu, Mungu akubariki, hilo lilitakiwa liwe juu kabisa ya uzi.

Niongeze ile soseji ya mlango. Kwa mlango wa sentimita 90, kata kitambaa kizito, jinzi ya zamani ni nzuri sana, urefu sentimita 100, upana 32. Kunja kwa urefu, shona, utapata bomba la unene wa kama sentimita 9 likishajazwa. Jaza vumbi kavu la mbao kwa chupa iliyokatwa kama mrija, na mchanga mkavu viganja viwili kila mwisho ili isihame mlango ukifunguliwa. Msijaze pumba wala mahindi, panya watawashukuru. Watoto wa miaka sita kwenda juu wanaiweza kazi hii na wanaipenda, mpe kila mmoja mlango wake.

Maji ya kuoga usiku wa kufika: ndoo ya lita 20 inataka lita 6 hadi 7 za maji yaliyochemka, zilizobaki za bomba. Kwa watu 8 ni kama lita 50 za kuchemka. Ukianza kuchemsha wakisha shuka kwenye basi, wa mwisho ataoga saa saba usiku. Anza wakiwa Makambako, jaza chupa za chai na mitungi yenye mfuniko, na kikapu cha Mama Kapu kinatunza sufuria moja pia.

---

Binti Rungwe

Mapazia nipitie haraka: kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha, kizidi chini ya kizingiti kwa sentimita 20 angalau, kwa sababu hewa ya baridi inateleza kwenye kioo na kumwagika chini. Fueni kitambaa cha pamba kabla ya kukata. Nyuma yake shona blanketi jepesi.

Lakini nilitaka kusema la pazia jingine. Kwetu Wanyakyusa bado kuna familia zinazoshika mila ya mke kutokutana uso kwa uso na baba mkwe. Mzee akiwa kwenye msafara, mama wa nyumba anakosa njia: choo kiko nyuma, jiko liko nyuma, na mzee amewekewa kiti mlango wa nyuma kwa sababu ndipo penye jua. Siku kumi mama anajibanza. Pangeni mapema. Benchi la mzee liwe upande wa mbele, jua la asubuhi. Pazia zito kati ya sebule na korido, lenye kengele ndogo au hata vifuniko vya soda vilivyotungwa chini, mtu akipita asikike. Ni kazi ya nusu saa na inampa mama uhuru ndani ya nyumba yake.

Na mablanketi, kwa wa Tukuyu: yaanikwe saa nne asubuhi, yaingizwe kabla ya saa tisa alasiri. Yakikaa mpaka jioni yanakunywa umande na umefanya kazi bure.

---

Sakitu ya Makete

Bustani ya wageni: wekeni chainizi na mchicha kwenye tuta la mita 1 kwa 3. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, changanya kijiko kimoja na mchanga mkavu vijiko kumi ndipo unyunyize, la sivyo watoto watazimwaga zote mahali pamoja. Fukia kwa unene wa kucha tu. Zinachipua kati ya siku 4 na 7 kukiwa na joto, huku juu zaidi ya wiki, kwa hiyo sieni siku ya kwanza ili watoto wazione kabla hawajaondoka.

Anga likiwa wazi jioni na hakuna upepo, tegemeeni sakitu, yaani umande unaoganda. Funikeni tuta kwa nyasi au mifuko ya salfeti juu ya fito, isiguse majani, na kufunua ni jua likishapanda.

---

Kihesa Juu

Fundi Paina, la mwisho. Watoto wanne, benchi moja. Msasa kiasi gani, na vanishi inakauka lini kwa baridi hii?

---

Fundi Paina

Msasa namba 80 karatasi 2, namba 120 karatasi 2. Kata kila karatasi vipande vinne, zungushia kila kipande kwenye kibao cha ukubwa wa sabuni ya kipande, mpe mtoto. Wasugue kufuata nyuzi za mbao, wakikata nyuzi mikwaruzo itaonekana yote chini ya vanishi. Kila mtoto kona yake na mguu wake. Kingo za kikalio zisuguliwe mpaka kiganja kikipita hakikwami popote, hasa nyuma ya magoti yanapogusa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha saa moja.

Kabla ya vanishi ligeuzeni benchi, waandike majina yao na tarehe kwa penseli chini ya kikalio. Vanishi inapita juu yake na maandishi yanabaki.

Mkono wa kwanza wa vanishi upunguzwe kwa thina, kipimo kimoja cha thina kwa vinne vya vanishi, uzame ndani. Nje kwenye kivuli, kuanzia saa nne asubuhi, ikifika saa tisa iingizwe ndani ya chumba wasicholala watu. Baridi yetu inataka saa 24 kamili kati ya mkono na mkono. Pitisha msasa 120 kwa wepesi, mkono wa pili bila thina. Siku mbili baada ya hapo wakae.